Mwanangu huandika "I am go": nimsaidieje katika sarufi ya Kiingereza nyumbani?

Mzazi, Morogoro:
Ndugu zangu, nina binti wa miaka 8 anayesoma darasa la tatu katika shule inayofundisha kwa Kiswahili. Kila jioni tunapofungua daftari lake la Kiingereza nakuta makosa yale yale: huandika "I am go to school" na "My mother she cook ugali", na humwita kaka yake "she". Nimemkaririsha jedwali la vitenzi hadi analisema akiwa amefumba macho, lakini akitunga sentensi yake mwenyewe anarudi pale pale. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena cha zamani, nami naogopa kumrithisha makosa yangu. Nianzie wapi?

Mwalimu mstaafu, Tanga:
Mzazi mwenzangu, binti yako hakosei ovyo, bali anatumia sarufi ya Kiswahili anayoijua vizuri. Katika "ninasoma" anasikia "ni", kisha "na", kisha "soma". Anapotafuta neno la kuweka mahali pa "na" analikuta "am". Vivyo hivyo, "mama anapika" haiwezi kusimama bila ile "a", ndiyo maana anaingiza "she" baada ya "mother". Kuhusu "he" na "she", "yeye" wetu habagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo chukueni picha za familia na mzungumzie mtu mmoja mmoja mpaka azoee.

Wakati uliopo mweleze kwa "hu-": "Juma hucheza" ni "Juma plays", na "Juma anacheza sasa hivi" ni "Juma is playing". Kisha mwonyeshe kwamba Kiswahili hubadilisha kichwa cha kitenzi, yaani "mbwa anakimbia, mbwa wanakimbia", ilhali Kiingereza hubadilisha mkia. Mimi nilikuwa nikitumia kizibo cha soda kilichoandikwa "s". Niliandika "the dog run" ubaoni, nikawaambia watoto kwamba kizibo ni kimoja tu: kikikaa kwa mbwa, mbwa ni wengi, "the dogs run", kikikaa kwenye kukimbia, mbwa ni mmoja, "the dog runs". Epuka kwanza maneno kama "children", ambayo wingi wake hauna "s", maana yatauvuruga mchezo. Lile jedwali la vitenzi liondoe kwa muda.

Baba wa watatu, Mwanza:
Nakubaliana na Mwalimu, ila nina tahadhari moja. Mtoto anapozungumza usimkatize kwa kila kosa. Akisema "He go to market", mjibu, "Yes, he goes to the market. Who goes with him?", naye atalisikia umbo sahihi bila kuaibishwa, masahihisho yabaki kwenye daftari. Mimi niliwahi kupiga marufuku Kiswahili mezani wakati wa chakula cha jioni, na matokeo yake mwanangu wa pili akawa anakula kimya. Na Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha kabisa kwa darasa la tatu, mradi usione haya kufungua kamusi mbele yake.

Mzazi, Morogoro:
Nawashukuru sana. Tumecheza kizibo kwa wiki mbili, na sasa "the dog runs" haimshindi, ingawa "I am go" bado inachomoza akiwa na haraka. Jana, hata hivyo, aliandika "Does the dog runs?" na mimi mwenyewe sikujua la kumjibu.

Mwalimu mstaafu, Tanga:
Mwambie ahesabu vizibo. Kizibo ni kimoja, na katika swali hilo "does" imeshakichukua, kwa hiyo "run" inabaki mkia mtupu. Katika "the dog doesn't run" ni hivyo hivyo.