Kikundi cha dansi ya kisasa kitunze kazi zipi, na mtunzi akiondoka zibaki kwa nani?

Msimamizi_Ngarenaro aliuliza:

Habari za jioni ndugu wanajukwaa. Ninasimamia mazoezi katika kikundi cha dansi ya kisasa hapa Arusha chenye wachezaji tisa, ambacho hufanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kukodi huko Ngarenaro. Tangu tulipoanza tumetunga kazi nyingi kuliko tunazoweza kuzicheza: ipo inayohusu wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, ipo ya wachimbaji wa Mirerani, ipo iliyotokana na pilikapilika za soko la Kilombero, na nyingine fupifupi zilizotungwa kwa ajili ya makongamano, zikachezwa siku hiyo na hazijaguswa tena. Karibu nusu ya kazi hizo, na kwa maoni ya wengi ndizo bora, alizitunga mwenzetu mwanzilishi wa kikundi, ambaye sasa amehamia Dar es Salaam na anafundisha huko. Tuliagana naye vizuri, ila hakuna makubaliano yoyote yaliyoandikwa.

Sasa tumealikwa kuandaa onyesho la jioni nzima, na kikundi kimegawanyika. Vijana wanataka kazi mpya tupu, kwa hoja kwamba kurudia za zamani ni kugeuza kikundi kuwa makumbusho. Wakongwe wanataka ile ya wapagazi irudi kama ilivyokuwa, ingawa kati ya walioicheza mwanzoni wamebaki wawili tu, na video iliyopo ilipigwa kwa simu kutoka nyuma ya ukumbi, kichwa cha mtazamaji kikiwa kimeziba upande mzima wa kushoto wa jukwaa. Naomba kuelimishwa: vikundi vikubwa vya dansi ya kisasa huamuaje kazi ipi ibaki katika hazina yao na ipi iachwe? Na je, mtunzi akiondoka, kazi ni ya nani?

Mkufunzi_Njiro alijibu:

Ndugu msimamizi, vikundi vya Marekani vililazimika kulijibu swali hilo mapema, kwa sababu vingi vilianzishwa na mtu mmoja, vikapewa jina lake na vikacheza kazi zake peke yake, kiasi kwamba siku mtu huyo alipofariki kikundi kilibaki na jina bila mtunzi. Majibu yao yametofautiana mno.

Merce Cunningham, ambaye kikundi chake kilianza mwaka 1953, aliweka mpango kabla ya kufariki mwaka 2009: kikundi kifanye ziara ya mwisho ya miaka miwili, kisha kifungwe. Ndivyo ilivyokuwa. Kilicheza kwa mara ya mwisho New York tarehe 31 Desemba 2011, kikavunjwa. Kazi zenyewe zilikabidhiwa kwa taasisi ya wadhamini inayohifadhi, kwa kila kazi, video, maandishi ya mtunzi, muziki, mpangilio wa taa na michoro ya maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Kikundi au chuo kinachotaka kuicheza huomba kibali, na mtu aliyeijua kazi hiyo kwa mwili wake huja kuifundisha. Mimi nauheshimu uamuzi huo, lakini unahitaji fedha ambazo hakuna kikundi cha hapa kwetu kinachozipata.

Alvin Ailey alifuata njia nyingine, na nadhani hiyo ndiyo yenye mafunzo kwenu. Kikundi alichokianzisha New York mwaka 1958 hakikukusudiwa kuwa nyumba ya kazi zake tu. Humo ziliingia pia za Talley Beatty, Donald McKayle, Katherine Dunham na wengine wengi. Kwa hiyo alipofariki mwaka 1989 wachezaji walikuwa wamekwisha zoea kuhama kutoka mkono wa mtunzi mmoja hadi mwingine katika jioni moja, na Judith Jamison akakiongoza kikundi hadi mwaka 2011. Hata hivyo kazi moja ya Ailey mwenyewe, *Revelations*, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1960, ndiyo inayofunga maonyesho yao mengi mpaka leo. Mtu wa Arusha au Moshi aliyelelewa katika kwaya ya usharika hahitaji maelezo: nyimbo za kiroho za Wamarekani Weusi, watu waliovaa meupe wakienda kubatizwa, kisha akina mama wenye kofia na pepeo mikononi wakilalamikia joto la kanisani.

Wakongwe wenu wafahamu kwamba kazi hiyo haikubaki kama ilivyozaliwa. Ya mwanzo ilizidi saa moja, ikapunguzwa hadi nusu saa na dakika chache ili iweze kusafiri pamoja na kazi nyingine. Vijana nao wafahamu kwamba kazi hiyo kongwe ndiyo inayouza tiketi, na mtazamaji aliyeifuata hujikuta kwanza ameonyeshwa kazi mpya ambayo asingetoka nyumbani kwa ajili yake. Paul Taylor, aliyetunga kazi 147 kabla ya kufariki mwaka 2018, aliliona hilo pia, na katika miaka yake ya mwisho alifungua milango ya kikundi chake kwa kazi za watunzi wengine.

Kigezo changu si ubora, maana kuhusu ubora mtabishana hadi alfajiri. Ulizeni ni nani anayeweza kuifundisha kazi hiyo wiki ijayo, kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kwa mtu ambaye hajawahi kuiona. Kazi isiyo na mtu wa namna hiyo haimo katika hazina yenu, hata kama mnaitaja kila mnapoandika barua ya kuomba ufadhili. Ya wapagazi bado ina wawili, na mtunzi wake yu hai, umbali wa safari moja ya basi. Anzeni na hiyo.

Maleba_Moshi alijibu:

Nakubaliana na mwalimu kwa sehemu kubwa, ila anazungumza kana kwamba dansi ni miili peke yake. Mimi nashona maleba hapa Moshi, na nimeona kazi zikiachwa kwa sababu tu hakuna aliyejua mizigo ya jukwaani iliwekwa wapi baada ya onyesho. Msifikiri ni umaskini wetu: mwaka 2012 kimbunga Sandy kilipoipiga New York, maji yalijaa katika ghorofa ya chini ambamo kikundi cha Martha Graham, mtunzi wa dansi wa Marekani, kilihifadhi maleba na vifaa vya jukwaa vya miongo mingi. Kwetu sisi inatosha masika moja na bati linalovuja. Kabla ya kupiga kura ya kazi ipi irudi, fungueni masanduku mwone kilichobaki.

Halafu kuhusu kurudisha kazi "kama ilivyokuwa", tazameni yaliyofanyika Senegal. *Rite of Spring* ya Pina Bausch, ambayo aliitunga Wuppertal, Ujerumani, mwaka 1975 juu ya muziki wa Stravinsky, na ambayo huchezwa jukwaa likiwa limefunikwa kwa udongo, ilifundishwa upya kwa wachezaji zaidi ya 30 kutoka nchi 14 za Afrika katika École des Sables, shule ya Germaine Acogny iliyoko Toubab Dialaw. Waliofundisha ni watu waliowahi kuicheza katika kikundi cha Bausch. Mwaka 2020 janga la korona lilikatiza ziara kabla haijaanza, wakaicheza ufukweni mbele ya kamera, juu ya mchanga, na onyesho la jukwaani likafanyika Madrid mwaka 2021. Hatua hazikubadilishwa, wala hazikuchanganywa na ngoma za nyumbani ili zionekane za Kiafrika. Lakini waliozicheza walikuwa watu wengine, wenye mafunzo mengine, na ukiitazama unaona. Kwa hiyo wekeni vijana ndani ya kazi ya wapagazi bila kuwalazimisha wafanane na waliotangulia. Huenda hata ule ubishi wa makumbusho ukaisha wenyewe.

Hakimiliki_Sekei alijibu:

Wachangiaji wameliruka swali la pili, nami naona ndilo lenye hatari. Martha Graham alipofariki mwaka 1991 aliacha wosia uliompa mrithi mmoja mali zake, na mrithi huyo akadai kwamba kazi zote za dansi ni zake. Mgogoro ukakua hadi kikundi kikasimamisha maonyesho mwaka 2000. Mahakama ya New York ilipotoa uamuzi mwaka 2002 ilizipitia kazi 70 moja baada ya nyingine: 45 ilisema ni za kituo cha Graham, nyingi kati ya hizo kwa sababu Graham alizitunga akiwa mwajiriwa wa kituo alichokianzisha mwenyewe, 10 zilikuwa zimekwisha kuwa mali ya umma, na mrithi akabaki na moja. Mwaka 2004 mahakama ya rufaa ilikubali sehemu kubwa ya uamuzi huo.

Huko ni Marekani, na sheria yetu ni nyingine. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua kazi za dansi zilizotungwa kwa ajili ya jukwaa, na ulinzi huanza pale tu kazi inapotungwa, hata kama hakuna aliyeisajili. Kama mwenzenu hakuwa mwajiriwa wenu na hakusaini chochote, ningechukulia kwamba kazi ni zake hadi itakapothibitishwa vinginevyo. Mwandikieni makubaliano ya ukurasa mmoja: kazi zipi, kwa muda gani, malipo kwa kila onyesho hata yakiwa madogo, jina lake litatajwaje, na nani ana mamlaka ya kupunguza au kubadili kipande. Fanyeni hivyo sasa mkiwa bado mnapigiana simu kwa furaha. Na kama ndani ya kazi hizo mna ngoma za asili mnazozitoza kiingilio, pitieni kwa afisa utamaduni wa wilaya aulize BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, kwa kuwa sheria hiyohiyo inazilinda pia sanaa za kijadi.

Msimamizi_Ngarenaro aliandika:

Nawashukuru sana. Nimezungumza na mwanzilishi. Yuko tayari kuja kuifundisha ya wapagazi na kusaini makubaliano, ila anataka iwekwe mwanzoni mwa onyesho, ilhali sisi tulifikiri iwe mwisho. Tena ina dakika arobaini. Mwalimu unashauri nini?

Mkufunzi_Njiro alijibu:

Iwekeni mwisho, na mwombeni yeye mwenyewe aipunguze, kwa sababu ni yeye tu anayeweza kukata bila kuiumiza. Kazi mpya ya vijana itangulie wakati watazamaji bado wana subira, ya soko ifuate baada ya mapumziko, na ya wachimbaji msiiguse mwaka huu. Wachezaji tisa hawawezi kubeba kazi nne katika jioni moja na kuamka salama kesho yake.

Muda atakaokuwa Arusha msiutumie kwa mazoezi tu. Ipo mbinu ya kuandika dansi kwa alama ambayo Rudolf Laban aliichapisha mwaka 1928, lakini hapa sijui ni nani atakayewasomea, kwa hiyo tumieni kamera na daftari. Mmoja wenu aandike hesabu za muziki, nani anaingia kutoka upande gani, na hasa yale anayoyasema mtunzi anapomsahihisha mchezaji, kwa kuwa hayo hayaonekani kwenye video yoyote. Kamera isimamishwe mbele, katikati, ionyeshe jukwaa zima bila kusogezwa. Kisha mrekodi mara ya pili mkiwa mmevaa nguo za mazoezi, kwa maana maleba marefu huficha miguu.