R-22, gesi ya kupozea, kwenye viyoyozi vya zamani: ipigwe marufuku sasa au iachwe iishe?

Kinga ya Juu:
Wakuu, kuongeza R-22 kwenye mashine yoyote kupigwe marufuku leo. Takriban 90% ya ozoni iko stratosfia, tabaka la juu la angahewa, na ozoni yote ikishushwa hadi usawa wa bahari ingekuwa tabaka la milimita 3 hivi. Wembamba huo ndio unaotukinga na sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. R-22 ina klorini, na atomu moja ya klorini ikifika juu huvunja maelfu ya molekuli za ozoni. Tunangoja nini?

Geji Mbili:
Mkuu, kemia yako haina kasoro, ila marufuku hiyo itamwaga gesi zaidi. Kwa kuharibu ozoni, R-22 ni 0.055 pale CFC-11, gesi ya zamani inayotumika kama kipimo, ilipo 1. Iliyofungwa ndani ya mabomba haimdhuru mtu. Mwenye kiyoyozi akiikosa, ataita fundi wa bei rahisi atakayeiachia yote hewani na kujaza propani. Propani haina klorini, lakini huwaka ikifika takriban 2% ya hewa, hutuama sakafuni kwa uzito wake, na mashine za R-22 zina relei na swichi zinazotoa cheche.

Mtungi na Mizani:
Nyote mmeiruka kazi yenyewe, ambayo ni kukusanya gesi iliyo ndani ya mashine. Mtungi wa kukusanyia usijazwe kupita 80%. Kimiminika kikipata joto hutanuka, na mtungi uliojaa hupasuka. Nyonya kimiminika kwanza, mvuke baadaye. Usichanganye na gesi nyingine, maana mchanganyiko huo fundi hawezi kuutenganisha. Ukishatengeneza, pima uvujaji kwa naitrojeni kavu. Oksijeni kamwe: ikikutana na oili ya kompresa hulipuka. Kisha vuta vakyumu (ondoa hewa na unyevu kwa pampu) hadi shinikizo chini ya maikroni 500, funga valvu, tazama geji. Ikipanda bila kukoma, panavuja. Ikipanda kidogo ikatulia, kuna unyevu. Jaza kwa mizani. Kinachoniudhi hasa ni kuongeza gesi kila msimu wa joto bila kutafuta tundu.

Kinga ya Juu:
Hapo kwenye tundu tuko pamoja. Kumbukeni pia kwamba kwa miaka 100 kilo moja ya R-22 hupasha dunia joto takriban mara 1,800 ya kilo ya kaboni dayoksaidi. Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda ozoni, inaziachia nchi zinazoendelea wastani wa 2.5% tu ya kiwango chao cha msingi cha matumizi ya gesi za kundi la R-22 kwa mwaka, 2030 hadi 2040, kwa matengenezo. Basi gesi isiuzwe mpaka uvujaji uzibwe na kupimwa.

Geji Mbili:
Sharti hilo naliunga mkono, mradi fundi alipwe kwa kila kilo anayorudisha. Kukusanya kunachukua muda, kufungua valvu ni dakika chache, na sheria isiyoligusa pengo hilo sitaiunga mkono.