Naombeni ushauri: nimepata kazi ya kuuza sola kwa kamisheni tupu, niende au niache?

Kijana wa Isyonje (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 25, nilimaliza digrii ya masoko mwaka jana hapa Mbeya. Tangu hapo nasota. Nimetoa kopi za vyeti pale Mafiati mpaka yule dada wa mashine ananijua kwa jina. Usaili nimeitwa mara mbili, zote kimya.

Wiki mbili zilizopita rafiki yangu aliniunganisha na kampuni inayouza seti za sola za majumbani kwa mkopo, huko vijijini. Cheo ni afisa mauzo, eneo langu Rungwe na vijiji vya Uporoto. Mshahara hakuna. Ni kamisheni ya 18,000 kwa kila seti. Msimamizi anasema kuna kijana Chunya alivuta milioni 1.2 kwa mwezi mmoja.

Wanataka jibu Jumatatu. Mama anasema niende. Kaka yangu wa Dar anasema niachane nao. Usingizi sipati. Nawasilisha.

Mzee wa Stendi
Kijana, nenda. Mimi nilianza kupakia abiria mwaka 1998, nalipwa kwa kichwa. Gari lisipojaa, unalala na njaa. Hakuna aliyenitajia mshahara na watoto wanne wamesoma kwa kazi hiyo. Ninyi wenye digrii mnangoja ofisi yenye kiti cha kuzunguka. Kazi ni kazi.

Ukungu wa Kawetele
Mzee wa Stendi usimtishe mtoto. Wewe gari lilikuja lenyewe stendi na abiria wakaja wenyewe. Huyu anatakiwa akamfuate mteja mlimani, mvua ya Novemba inamnyeshea.

Dada Parachichi
Mdogo wangu, pole kwa kusota. Niliuza bima Njombe na Makambako miaka miwili kwa kamisheni tupu, kwa hiyo naijua hiyo kazi. Si kazi mbaya. Mwezi wa kwanza niliuzia ndugu, wa pili nikauzia marafiki wa ndugu. Mwezi wa tatu ndugu wakaisha, na hapo ndipo nilipojua kama naweza kuuza au siwezi. Niliweza, ila niliumia sana kufika hapo. Nilikuwa natembea Makambako sokoni na viatu vimetoboka soli, nimeweka kipande cha boksi ndani.

Swali langu ni moja: wamekudai hela yoyote?

Kijana wa Isyonje
Asanteni wote. Dada, kuna gharama ndogo tu ya kuanzia, ni utaratibu wa kawaida. Hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kama kazi ya kamisheni inaweza kumtoa mtu kimaisha.

Mbegu ya Pareto
Achana na sola. Una shamba Uporoto? Lima viazi, au panda parachichi Rungwe, ndani ya miaka michache unasahau habari za kuajiriwa. Mimi nina miche 200 Tukuyu, nikuuzie kwa bei ya ndugu.

Dada Parachichi
Mbegu ya Pareto, kijana hajaomba miche. Mdogo wangu, "gharama ndogo" ni shilingi ngapi?

Mhasibu Mkimya
Naomba na mimi nijue kamisheni inalipwa lini. Siku ya kukabidhi seti, au mteja akimaliza deni? Nauli ni ya nani? Tageti ni ngapi?

Kijana wa Isyonje
Mkuu Mhasibu, tageti ni seti 25 kwa mwezi. Nikikabidhi seti napata 8,000 papo hapo, 10,000 iliyobaki inakuja mteja akishalipa miezi mitatu mfululizo. Akiacha kulipa kabla ya hapo, ile 8,000 inakatwa kwenye mauzo yangu yanayofuata. Nauli najitegemea.

Dada, ni 380,000. Ni ya seti ya maonyesho, sare na kitambulisho. Msimamizi alisema ukiacha kazi unarudishiwa. Nisingependa tukae sana kwenye hilo.

Mhasibu Mkimya
Tukae kidogo, mkuu. Nauli Uyole mpaka Kiwira kwenda na kurudi, bodaboda ya kuingia kijijini, na sahani ya chakula. Nimeweka 13,000 kwa siku, nawe unirekebishe. Siku 24 ni 312,000.

Ukiuza seti 10 mwezi wa kwanza, mkononi una 80,000. Ukifikisha tageti yote ya 25, una 200,000, na bado una upungufu wa 112,000. Yaani mwezi ambao umefaulu kabisa kwa hesabu zao, wewe ndiye umeilipa kampuni ili uifanyie kazi. Zile 250,000 zilizobaki ni za mwezi wa nne, tena kama wateja wote 25 watalipa bila kukwama. Nani atakulisha miezi hiyo mitatu?

Kijana wa Isyonje
Nauli si kubwa hivyo, vijiji vingine naenda kwa miguu. Na nikikaa nyumbani pia nakula, kwa hiyo chakula usikihesabu. Wenzangu tuliomaliza pamoja wapo vijiweni. Angalau mimi nitakuwa natoka asubuhi nina pa kwenda.

Ukungu wa Kawetele
Hiyo sentensi ya mwisho imenigusa. Nilikaa mwaka mzima baada ya chuo nikiamka saa 4 ili siku iwe fupi. Naielewa.

Dada Parachichi
Hata mimi imenigusa, ndiyo maana sitaki uumie. Nikueleze kitu ambacho hakuna aliyenieleza: kwenye kazi hii, uliza wateja wako wanapata hela mwezi gani. Ukienda Mbarali wakati huu wa kupanda, mkulima wa mpunga hana kitu, ngoja avune kuanzia mwezi wa 5. Viazi vivyo hivyo, sasa hivi hela yote iko kwenye mbegu na mbolea. Ila Rungwe kuna watu wa maziwa na wa majani ya chai, hao wanapokea kila mwezi. Kuna ndizi, inatoka wiki zote. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kulipa deni la kila siku. Mimi nilikuwa nakwenda kwenye kituo cha kukusanyia maziwa alfajiri, naongea na akina mama wakisubiri kupimiwa. Wateja wangu wa kudumu nusu walitoka hapo.

Halafu tazama nguzo. Kitongoji kilichofikiwa na umeme wa REA, wakala wa nishati vijijini, mtu anaunganishwa kwa 27,000. Hapo utamwambia nini achukue sola ya mkopo? Uliza ni vitongoji vipi bado, kaa na mwenyekiti wa kijiji akueleze.

Kijana wa Isyonje
Ndaga fijo, asante sana dada. Haya ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Chuoni hatukufundishwa hivi.

Karani wa Zamani
Mkataba wako unasemaje? Wengi wanaandikiwa "wakala huru" ili wasihesabiwe wafanyakazi. Jina si mwisho wa mambo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaangalia hali halisi: kama saa zako wanazipanga wao, vifaa ni vyao, unawategemea wao peke yao kwa kipato, unachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako, mahali, saa na malipo. Ukidhulumiwa ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ila usichelewe, madai ya aina hii yana siku 60. Ulipewa nakala?

Kijana wa Isyonje
Nilisaini, nakala nitapewa Jumatatu.

Karani wa Zamani
Umeshasaini? Uliuliza niende au niache.

Lori la Tunduma
Wakuu, mnapoteza muda. Hii ni chai. Akaunti ina siku mbili. Kwanza hajui aende au aache, sasa kashasaini. Kwanza gharama ni ndogo, sasa ni 380,000. Na milioni 1.2 ukigawa kwa 18,000 haitoi idadi kamili, ni seti 66 na kitu. Nani aliuza theluthi mbili ya seti? Ama ni hadithi ya kutunga, ama huyu ni wakala wa hao jamaa, anatafuta vijana humu kwa ujanja. Subirini, kesho ataweka namba ya simu.

Mbegu ya Pareto
Hata mimi nilihisi. Msomi wa masoko hajui kuhesabu kamisheni?

Mzee wa Stendi
Mtu akitaja hela kwa mdomo huwa anazungusha, hiyo milioni 1.2 haithibitishi kitu. Mwacheni aseme.

Kijana wa Isyonje
Lori la Tunduma, umeniumiza, ila nitasema yote kwa sababu nimechoka kubeba peke yangu.

Seti ya maonyesho iko nyumbani Isyonje tangu Jumamosi. Paneli yake ni ukubwa wa sinia ya wali. Ina taa tatu na redio. Nilifunga taa moja jikoni, na mama alipobonyeza swichi aliiangalia muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akavuta kigoda akakaa chini yake, akamenya maharage ya kesho yake saa 3 usiku, kazi ambayo siku zote anaifanya jioni kabla giza halijaingia. Mimi siuzi chai. Nimekiona hicho kitu kinafanya kazi na nimeona uso wa mama yangu.

Kati ya ile 380,000 nimeshalipa 250,000. Ilikuwa hela ya mbolea ya mama. Jumatatu natakiwa nimalizie 130,000.

Na kuna jingine. Majirani waliiona taa. Watatu wa kikoba cha mama wametoa kianzio, 40,000 kila mmoja, ili na wao wafungiwe. Hiyo 120,000 nimeshaituma.

Dada Parachichi
Umeituma wapi?

Kijana wa Isyonje
Kwa msimamizi.

Dada Parachichi
Namba ya kampuni au ya kwake?

Kijana wa Isyonje
Ya kwake. Alisema mfumo una tatizo, ataiingiza mwenyewe. Na ile 250,000 vilevile. Lakini ni mtu mwenye heshima, ana ofisi Uyole, nimefika, kuna meza na mabango ya kampuni. Rafiki yangu anamfahamu miaka miwili. Siwezi kumdhania mabaya bila ushahidi.

Mhasibu Mkimya
Jumla 370,000 kwenye simu ya mtu binafsi, bila risiti. Mkuu, sisemi ni mwizi. Nasema kampuni yenyewe, ukiipigia kesho, haina namna ya kujua kwamba ulilipa hata shilingi.

Ukungu wa Kawetele
Na hao mama watatu hawamjui msimamizi. Wanamjua mama yako.

Dada Parachichi
Hapo ndipo penye uzito, mdogo wangu. Mimi niliyemuuzia shangazi bima, ilipochelewa kulipa, shangazi hakuenda ofisini kwao. Alikuja kwa mama. Mpaka leo kuna harusi ambazo mama yangu hakualikwa. Kamisheni yangu kwenye ile bima ilikuwa hela ya kununulia kitenge kimoja.

Kazi unaweza kuifanya, tena nakuona unaiweza, jinsi ulivyoeleza ile taa ni muuzaji tayari. Ila hela isitoke tena kwako kwenda kwao. Hiyo 130,000 usiitume. Wanaokuamini ukauze mali yao watakukabidhi seti kwa maandishi na mdhamini, na mteja atalipa kianzio moja kwa moja kwa namba ya malipo ya kampuni, jina la kampuni litokee kwenye simu yake kabla hajaweka namba ya siri.

Kijana wa Isyonje
Nisipomalizia alisema nafasi anapewa mwingine, na ile niliyotoa inahesabika kama gharama za mafunzo.

Karani wa Zamani
Hilo alilisema kwa mdomo au lipo kwenye ule mkataba ambao huna nakala?

Kijana wa Isyonje
Kwa mdomo.

Karani wa Zamani
Basi mwombe alirudie kwa meseji. Mwandikie kwa adabu, leo hii: "Naomba uthibitisho wa 250,000 ya seti na 120,000 ya wateja watatu, majina yao ni haya." Akijibu, una ushahidi. Akinyamaza, umepata jibu.

Lori la Tunduma
Bado nina mashaka na huu uzi. Ila kama ni kweli, samahani kwa lile neno, na usitume hiyo 130,000. Mdogo wangu wa kiume alituma mara ya pili ili aokoe ile ya kwanza.

Kijana wa Isyonje
Nimemwandikia saa 11. Amesoma. Saa hizi ni saa 3 usiku, hajajibu. Nimepiga, akasema yuko kwenye kikao, tuonane Jumatatu ofisini. Nimepata pia namba ya makao makuu nyuma ya boksi la seti, nitawapigia Jumatatu wakifungua, kabla sijaingia kwake.

Kwa kweli naogopa kwenda peke yangu. Akiongea huwa nakubali kila kitu.

Mzee wa Stendi
Mimi nashinda Uyole, njia panda ya Tukuyu. Nilikwambia nenda kabla sijajua haya, kwa hiyo nitakwenda na wewe. Saa 2 kamili asubuhi, nina koti la kijani. Meseji za miamala usizifute, na lile boksi njoo nalo.

Kijana wa Isyonje
Asante sana, mzee wangu. Nitakuwepo. Nimemweleza mama sasa hivi, nimemwambia yote. Amekaa kimya, kisha akaniuliza gari la kwanza kutoka Isyonje linapita saa ngapi. Anakuja na yeye. Amesema risiti za wenzake atazidai mwenyewe.