Tupeane uzoefu: vidonge vya oti na siagi ya karanga bila kuoka, kwako vinashikanaje?

Jiko la Temeke
Habari zenu wapendwa. Wazazi wengi tunahangaika na kitu cha kumfungia mtoto aende nacho shule, kisiwe andazi wala biskuti ya dukani kila siku, na nyumbani hakuna oveni. Mimi nafanya vidonge vya oti na siagi ya karanga. Naomba kila anayevitengeneza aeleze anavyofanya mahali alipo, maana joto la mji linabadilisha mambo mengi.

Vipimo vyangu: oti bapa vikombe 2, siagi ya karanga kikombe 1, asali nusu kikombe, chumvi kidogo sana. Oti nazikaanga kavu kwa moto mdogo hadi zinukie. Sizikaangi ili ziive, kwani oti bapa hupitishwa mvuke kiwandani kabla ya kubanwa. Nataka kuondoa unyevu, maana pakiti ikishafunguliwa hapa Dar huwa inalegea upesi. Asali na siagi nazipasha pamoja mpaka zilainike, zisichemke, kisha nachanganya na kufunika dakika 10. Usiruke hatua hiyo: oti zinafyonza, na mchanganyiko uliokuwa unanata mikononi unakubali kufinyangwa. Mikono napaka mafuta, siyo maji.

Vikitoka kwenye friji ni vizuri mno. Shida ni saa nne, mtoto akifungua kopo lake vimelegea na kushikana vyote. Wenzangu mnafanyaje?

Mkorosho
Nipo Mtwara, kwa hiyo siagi yangu ni ya korosho. Nanunua zilizovunjika, bei yake iko chini ya nzima, na kwa kusaga hakuna tofauti yoyote. Ila nunua zilizokwisha kubanguliwa. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, msijaribu kubangua jikoni na watoto wakiwa karibu.

Kwenye blenda zinapita hatua tatu. Kwanza unga. Halafu donge linalogoma kuzunguka, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa wakaongeza maji. Usiongeze! Maji yakiingia siagi inakakamaa badala ya kulainika, na itaharibika mapema. Zima blenda ipoe, kwangua pembeni, washa tena. Mafuta ya korosho yenyewe yatatoka na siagi italainika. Karanga nazo ni hivyo hivyo, ila zisage zikiwa bado na uvuguvugu wa kikaango.

Nyar Kano
Kisumu hapa. Asali safi ni ghali, kwa hivyo mimi hutumia ndizi mbivu iliyopondwa. Watoto wanavipenda, lakini lazima vikae kwenye friji na viliwe kesho yake, kwa sababu ndizi ina maji mengi. Kwa kubeba shule siwezi kukushauri.

Bibi wa Wete
Mwanangu wa Temeke, unataka kitu kisilegee juani na wewe umeweka asali ya vuguvugu. Fanya kama kashata. Sisi Pemba hatukuwa na friji, na kashata ilikaa kwenye kopo siku nyingi, ngumu vilevile. Kinachoishika ni shira.

Weka sukari kikombe 1 na maji robo kikombe kwenye sufuria nzito, iliki iliyotwangwa humo humo. Chemsha bila papara. Chukua bakuli la maji baridi, dondoshea tone la shira. Likitawanyika, bado. Likijikusanya na ukilibonyeza kwa kidole likawa gumu kidogo, ipua papo hapo. Tia siagi ya karanga nusu kikombe, koroga haraka, mimina oti vikombe 2. Usiende kuzungumza na jirani wakati huo, shira haisubiri mtu. Tandaza kwenye sinia ulilolipaka mafuta, bonyeza kwa mgongo wa kijiko, na ukate vipande ingali moto. Ikishapoa, kisu kitaivunja ovyo.

Jiko la Temeke
Shikamoo bibi. Nashukuru sana, hili ndilo nililokuwa nalitafuta. Je, mwenye kutaka kupunguza sukari?

Tende Tamu
Hapo niingie mimi, nipo Maskati. Tende ni tamu, kwa hiyo sukari ya kuongeza huihitaji kabisa, na joto la huku linazidi hilo la Dar. Chukua khalas au tende yoyote laini, toa kokwa, iponde na ufuta uliosagwa au siagi ya karanga hadi iwe donge moja, kisha ukandie oti humo. Tende haiyeyuki kama asali, inashika hata nje ya friji. Ikiwa kavu, iweke juu ya mvuke kidogo, usiiloweke. Mwezi wa Ramadhani nafanya sinia zima, futari inaanza na hizo.

Muuguzi wa Watoto
Naomba msome hili kwa makini. Mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe asali, hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvidhibiti. Wa chini ya miaka 5 asipewe karanga nzima, atapaliwa. Zisagwe laini. Na mtoto anayeonja karanga mara ya kwanza aonje kidogo, ukiwa naye, umwangalie kama atavimba midomo, kutoka vipele au kupumua kwa shida. Ukiona hayo, mkimbize hospitali.

La pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu (ukungu) kwenye nafaka na karanga. Mnakumbuka ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na wenzetu wa Kenya mwaka 2004 walipokufa watu 125. Kule ilikuwa mahindi, ila karanga nazo hushambuliwa na kuvu hao hao, na sumu yao huharibu ini. Kukaanga hakuiondoi yote. Kwa hiyo mimina karanga kwenye ungo kabla ya kukaanga, chambua moja moja: zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, tupa. Usiwape hata kuku. Ukikutana na chungu mdomoni, iteme.

Jiko la Temeke
Dada, na siagi ya kupima sokoni kwenye ndoo?

Muuguzi wa Watoto
Mimi siinunui, kwa sababu karanga mbovu ikishasagwa huwezi kuiona tena. Nunua karanga, chambua, kaanga, saga mwenyewe. Ukikosa nafasi, chukua ya kopo lenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na tarehe inayosomeka.

Bibi wa Wete
Na kopo la kuwekea kashata likauke kabisa, mwanangu. Tone moja la maji linatosha kuilainisha.