Tufanye nini ili tabibu wa meno abaki katika kituo chetu cha afya?

Mjumbe wa kamati, Buhigwe
Ndugu zangu, naomba maoni ya wenye uzoefu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kituo cha afya hapa mkoani Kigoma. Tabibu wa meno tuliyepangiwa alihama kabla wananchi hawajamzoea, na aliyemtangulia alikwenda masomoni asirudi. Sasa mwenye jino bovu hupanda bodaboda hadi Kasulu, au husafiri mpaka Hospitali ya Maweni, Kigoma mjini, na asiye na nauli humeza dawa za maumivu mpaka shavu linavimba. Tukiletewa mwingine, sisi wa huku tufanye nini ili akae?

Tabibu wa meno, Sikonge
Ndugu mjumbe, mimi nimekaa kwa sababu nina kazi ya kufanya. Wengi niliosoma nao waliondoka vijijini baada ya kukuta koleo za kung'olea, ganzi, na kiti kilichofunikwa nailoni kwa kukosa kompresa, yaani mashine ya hewa inayoendesha vifaa vya kuchimbia jino. Mtu aliyefundishwa kuokoa meno, akishinda anayang'oa tu, huona ujuzi wake unaisha, na huyo hata posho haimshikilii muda mrefu. Hapa kwangu umeme ukikatika kazi haisimami: nakwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo cha chuma, nachanganya unga na maji yake juu ya karatasi, najaza tundu, kisha nalikandamiza kwa kidole nilichopaka vaselini mpaka dawa ikaze. Njia hii ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na dawa yenyewe, glasi ayonoma, Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Haifai kwa kila jino. Uozo ukishafika kwenye kiini, natoa rufaa. Lakini mama anayeondoka na jino lake mdomoni humleta na mwanawe, na hilo ndilo linalonifanya niamke kwenda kazini.

Afisa utumishi mstaafu, Kasulu
Nakubaliana na tabibu kuhusu vifaa, ila havitoshi kwa mtu ambaye mwenzi wake yuko Mwanza. Barua za uhamisho zilizopita mezani kwangu zilizungumzia familia kuliko kitu kingine chochote. Kijana anaripoti, analala gesti akisubiri fedha za kujikimu, nyumba ya mtumishi hakuna, na wenzake wa mjini wanapanda daraja yeye akiwa bado anafuatilia jalada lake. Kamati haiwezi kubadili mshahara, lakini inaweza kumtafutia nyumba yenye maji na mlango unaofungwa kabla hajafika, na inaweza kumbana mwajiri kuhusu stahiki zake. Aidha, tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri vyuo vipokee wanafunzi waliokulia vijijini, kwa kuwa hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi kufanya kazi huko. Kijana wa Buhigwe aliyefaulu sayansi asaidiwe ada asomee utabibu wa meno, kwa mkataba wa kurudi.

Daktari wa meno, Kigoma mjini
Mzee wangu, mkataba peke yake naushuku, kwa sababu ukiisha mtu huondoka siku hiyo hiyo iwapo aliishi kwa upweke. Mimi nilianzia kituo cha mbali, na kilichonielemea ni kukosa wa kumuuliza nilipopata mgonjwa mwenye uvimbe wa taya nisioufahamu. Ombeni daktari wa mkoa awatembelee kwa ratiba inayojulikana, awaone wagonjwa waliokusanywa, na afanye kazi bega kwa bega na tabibu wenu.

Mjumbe wa kamati, Buhigwe
Nawashukuru sana wote. Je, dawa hiyo ya kujazia tunaweza kuinunua kwa fedha za kituo wenyewe?

Tabibu wa meno, Sikonge
Ndiyo, iwapo imo katika mpango wa mwaka wa kituo. Iingizeni pamoja na vijiko vya kukwangulia na sufuria ya kutakasia vifaa, na mfanye hivyo kabla bajeti haijafungwa, ili atakayepangwa avikute.