Matumbawe yangu ya nyumbani yanapauka, nisaidieni (Tanga)

MwanaRaskazone: Habari zenu wadau. Nina tangi la kioo la lita 300, maji ya bahari, nililoachiwa na jirani aliyehama. Lina samaki wanne na matumbawe saba. Mwezi uliopita yalikuwa ya kahawia na kijani. Sasa matano yamekuwa meupe, la sita limebaki mfupa na mwani unaliotea. Samaki wazima, wanakula. Taa sijagusa, pampu inazunguka. Maji yakipungua naongeza dumu moja la lita 20 kila wiki, maji safi ya bahari ninayoyafuata mwenyewe Raskazone. Naumia kila nikirudi kazini nikiyaona.

FundiTangi: Pole ndugu yangu. Hilo dumu ndilo nalitilia shaka. Kinachokauka ni maji matupu, chumvi inabaki. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo kila dumu limeingiza gramu 700 juu ya iliyokuwamo. Kwa mwezi ni karibu kilo 3! Una haidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji? Pima na joto pia.

MwanaRaskazone: Nimeazima. 1.033. Joto nyuzi 31, saa tisa alasiri.

FundiTangi: Basi tumempata mchawi. Inatakiwa 1.025 au 1.026, na joto 25 hadi 27. Usishushe kwa siku moja, utayamaliza yaliyobaki. Kila siku toa lita 8, rudisha lita 8 za maji yasiyo na chumvi. Itachukua wiki na zaidi.

BintiChumbageni: Kaka, angalia unarudisha maji gani. Ya bomba yana klorini, ya mvua yakipita kwenye bati yanabeba zinki. Waulize wanaojaza madumu ya maji ya kunywa kama mashine yao ni ya RO, ile inayochuja hadi chumvi. Halafu ondoa kifuniko, elekeza feni kwenye uso wa maji. Joto litashuka, ila maji yatakauka upesi zaidi, kwa hiyo chora alama kwenye kioo ujazie kila asubuhi.

MzeeDeepSea: Mwanangu, kupauka si kufa. Mwaka 1998 bahari ilipata joto, miamba ya mwambao huu ikawa myeupe. Matumbawe mengi yalikufa, mengine yakarudi. Ile rangi ni mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, maana tumbawe ni mnyama, na kumlisha; akizidiwa anautema. Usiku zima taa, mulika kwa tochi: ukiona minyiri imetokeza, yu hai. Na usiende kuvunja mengine mwambani, yale ndiyo nyumba ya samaki.

MwanaRaskazone: Shikamoo mzee, na ahsanteni nyote. Leo siku ya tisa: 1.026, joto 27 na feni. Rangi bado. Jana usiku nimemulika, manne kati ya yale matano yametoa minyiri, myembamba kama uzi wa kushonea. La tano sijaona kitu, nitalimulika tena leo.