Kamera ya kuangalia watoto: ya waifai au ile yenye skrini yake?

MamaWawili_Kibokoni
Asalaam aleikum wenzangu, naomba ushauri kabla sijatupa pesa. Nna watoto wawili, mkubwa miaka mitatu, mdogo miezi tisa, twakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, nyumba ya zamani, chumba chao kiko juu kabisa na jiko langu liko chini uani. Mimi nauza mahamri na mbaazi kwa hivyo saa kumi alfajiri niko chini nakata unga nachoma, na wao wamelala juu. Zile kuta mwazijua, mtoto yualia mpaka sauti yamkauka na mimi sisikii kitu. Juzi nilipanda nikamkuta mdogo amesimama ameshika ubao wa kitanda, uso wote kamasi na machozi, na mkubwa amekaa kando yuampa kijiko cha plastiki anyamaze. Roho iliniuma wallahi.

Sasa mume wangu yuko Doha, yeye ataka ile ya waifai ya kuonekana kwa simu ili naye awaone. Wifi yangu asema waifai ni matatizo (msicheke) ninunue ile inayokuja na skrini yake ya mkononi. Bajeti ni elfu kumi, nikijikaza sana kumi na mbili. Nichukue ipi?

FundiKamera_Kisauni
Waaleikum salaam dada. Nafunga kamera mwaka wa saba huu na nyumba za Mji wa Kale ndizo zinazonitoa jasho, kwa hivyo sahau kwanza mambo ya picha kali sijui HD sijui nini, kwako wewe adui ni ukuta. Ule ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu urefu wa mkono, na mawimbi yakipita kuta mbili tatu kama hizo yamekwisha. Kwenye boksi watakuandikia mita 300, hizo ni za uwanja mtupu usio na hata mti.

Tofauti iko hivi. Ile ya skrini yake, kamera na skrini zaongea zenyewe kwa zenyewe, haihitaji intaneti wala bando, hata rauta ikizima yafanya kazi, ila mzee wa Doha hataona kitu. Ya waifai yaenda kwa rauta kisha kwa simu yako, yeye ataona, lakini stima ikipotea rauta yazima na kamera inakuwa pambo. Na sisi na stima twajuana. Ukichukua ya waifai basi tenga pesa ya ile UPS ndogo ya rauta, yaani betri ya kuishikilia stima ikipotea, na kamera nayo uitie pawabenki kama yatumia waya wa USB.

Kitu kingine watu wanalia nacho ni kwamba kamera nyingi za bei ya chini zashika waifai ya masafa ya 2.4 GHz tu, ile ya 5 GHz haziijui. Rauta yako ikiwa yatoa zote mbili kwa jina moja, kamera yaweza kugoma kuungana ukarudi dukani kugombana na mwenye duka bure. Ingia kwa rauta uzitenganishe majina. Tena hiyo 2.4 ndiyo inayopenya ukuta vizuri zaidi kwa hivyo hujapoteza.

Kabla ya kununua fanya jaribio la bure, weka simu kwenye waifai, simama pale kitandani kwa mtoto, mpigie mtu video. Ikikwama hapo, kamera pia itakwama.

UmmuTudor
Hayo ya fundi ni kweli lakini hajui ya usiku maana halali na watoto yeye 😄 Mimi nna ile ya skrini mwaka wa pili. Kuna kitu waita VOX, skrini yazima yenyewe kukiwa kimya na yawaka mtoto akilia. Kwenye tangazo yapendeza. Kwangu feni ya darini ilikuwa ikiiwasha usiku kucha, nikapunguza usikivu wake, ikanyamaza, kisha ikawa yaamshwa na adhana ya alfajiri peke yake, mtoto akilia kidogo kidogo haisikii. Ilinichukua wiki nzima kupata mahali pa katikati. Kwa hivyo ukifika dukani uliza kama usikivu waweza kupandishwa na kushushwa, kama haina hiyo achana nayo.

Ya pili chandarua. Gizani kamera yamulika kwa ule mwanga wa infraredi tusiouona, sasa ukiwa na chandarua cheupe mbele mwanga wote warudi, waona ukungu mweupe tu mtoto huna. Sogeza kamera pembe ambayo haipigi neti uso kwa uso, mimi nimeiweka juu yaangalia kwa mshazari na sasa namuona mpaka vidole.

Na tafadhali sana WAYA. Mtoto wa miezi tisa anayesimama avuta kila kitu. Marekani mwaka 2011 kamera kama milioni 1.7 za kampuni moja zilitolewa tangazo la hatari baada ya watoto wawili kunyongwa na waya uliokuwa karibu na kitanda. Wao wasema futi tatu kutoka kitandani, si kamera tu, waya wote. Usiifunge kwenye ubao wa kitanda hata kama picha ya boksi yaonyesha hivyo.

Bwana_Likoni
Sisi tulilelewa na masikio ya nyanya na tukakua. Mlete mtoto alale chini karibu na jiko, elfu kumi nunua unga.

UmmuTudor
@Bwana_Likoni karibu na karai la mafuta yanayochemka? Haya, lete wako kwanza.

Bwana_Likoni
Nimenyamaza.

KijanaWaIT
Kwa wale wa waifai neno moja. Kamera ikija na paswadi ya kiwandani ibadilishe siku hiyo hiyo, Uingereza tangu Aprili 2024 ni marufuku kuuza hivi vitu na paswadi moja rahisi kwa wote, na walikuwa na sababu. Washa pia ile ya kuthibitisha kwa simu kama programu yake inayo. Na kama una dada wa kazi mwambie kamera iko na yasikia sauti, si vizuri mtu ajigundue mwenyewe kwamba ameangaliwa miezi mitatu, mimi nimeona ndoa ikitikisika kwa hilo.

MamaWawili_Kibokoni
Shukrani nyote, nimerudi kuwapa habari. Jaribio la fundi nililifanya, video ilikata nikiwa sijafika hata kizingiti cha chumba, kwa hivyo ya waifai ikafa hapo, mume amenuna siku mbili. Nikaenda barabara ya Digo, muuzaji akanikubalia nijaribu ya skrini nikimwachia pesa nusu, soketi ya pini tatu za kwetu, sikuhitaji adapta.

Sasa sikieni uzuzu wangu. Niliiweka ndani ya kidaka, lile shimo la ukutani la kuwekea vitu, mashaallah imekaa kama imetengenezewa, nikashuka jikoni, skrini yalia tii tii hakuna mawasiliano. Nikapanda nikashuka mara tatu magoti yaniuma, mpaka mtoto wa jirani akaniambia mama si umeizungushia ukuta pande tatu. Kweli! Nikaitoa, nikaiweka juu ya kabati karibu na dirisha la mbao la kuelekea uani, nikaacha wazi kidogo, waya umepita nyuma ya kabati mbali na kitanda. Imeshika. Yakatika nikifungua friji tu, sijui kwa nini, lakini yarudi.

Leo saa kumi na nusu nimemuona mdogo yuageuka, akaketi, akamtazama dadake, akalala tena mwenyewe. Mkono wote una unga na mimi nimesimama natazama, mahamri ya kwanza yakaungua.

@FundiKamera_Kisauni hiyo ya friji ni nini?

FundiKamera_Kisauni
Mlango wa friji ni bati dada, ukiufungua unasimama kati ya skrini na dirisha. Hamisha skrini upande wa pili wa jiko.